Muulize Mjomba: Nani aliacha kwa wakati, Kershaw au Ichiro?

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kent, jimbo la Washington, mwaka wa ishirini sasa. Mwanangu mkubwa ana miaka 14 na anacheza besiboli shuleni. Ni mrushaji, tena ni shoto, kwa hiyo ukuta wa chumba chake umejaa picha za shoto mwenzake, Clayton Kershaw wa Los Angeles Dodgers. Kershaw alipotangaza mwezi wa tisa mwaka 2025 kwamba anastaafu, mtoto alisusa kula. Anasema mtu ana miaka 37, msimu huo kashinda michezo 11 na kapoteza 2 tu (eti ushindi huandikwa kwa jina la mrushaji), anaachaje? Baba yake ni mtu wa Ichiro, yule Mjapani wa timu ya Seattle, tangu tulipofika huku, lakini hapo hapo anasema Kershaw ndiye aliyefanya la maana, na kwamba Ichiro wake alikosea kung'ang'ania mpaka miaka 45. Kila jioni ni ubishi mezani. Mimi besiboli naijua kwa kufua jezi tu. Tuamulie: nani kati yao aliacha kwa wakati? Na mtu mwenye mamilioni yale anajuaje kwamba basi, imetosha?
Mama wa watoto watatu, Kent

Marahaba, mama. Mpe kijana pole yangu, na usimcheke. Mtoto anayesusa chakula kwa ajili ya bega la mtu asiyemjua ana moyo wa mchezo.

Nakujibu kwa niliyoyaona. Niliishi Seattle miaka 17, na 11 kati ya hiyo nilikuwa kwenye kundi la kufagia uwanja wa Mariners, timu ya besiboli ya Seattle, usiku, baada ya mechi. Enzi zangu ukiitwa Safeco Field, leo unaitwa T-Mobile Park. Watu wakishatoka, sisi tunaingia na fagio na mifuko. Karanga za besiboli huuzwa na maganda yake, na kila anayekula anayadondosha hapo hapo miguuni, kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa maganda. Yanajaa kati ya viti, yanaingia kwenye nyufa za saruji, mvua ikinyesha yanaganda kama uji. Nimekulia Tanga, nimefagia maganda Mkwakwani nikiwa mdogo ili niingie bure kuangalia mpira, kwa hiyo mikono ilishazoea.

Sehemu niliyopangiwa mara nyingi ni ile ya nyuma ya upande wa kulia wa uwanja, alikokuwa akilinda Ichiro Suzuki. Mashabiki waliiita Eneo la 51, kwa sababu ya namba ya jezi yake. Siku nilizopata zamu ya mapema nilifika wakati timu inapasha misuli, nikasimama na fagio langu juu ya ngazi nikimtazama. Mtu yule hakutulia. Anachuchumaa mpaka makalio yanakaribia nyasi, anageuza bega moja ndani, halafu la pili, ananyanyua mguu, anaunyoosha, anaushusha. Mechi ikianza anaendelea vivyo hivyo kati ya mpira mmoja na mwingine. Wenzake wametia mikono viunoni wanatafuna mbegu za alizeti, yeye anajinyoosha. Alifanya hivyo Aprili akiwa wa moto, na akafanya hivyo mwishoni mwa Septemba timu yetu ikiwa haina tena la kugombea.

Mumeo anayajua haya, ila nayarudia kwa ajili yako. Ichiro alitoka Japani mwaka 2001 akiwa na miaka 27. Mwaka ule ule akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake na mchezaji mpya bora wa mwaka, vyote viwili. Mwaka 2004 alipiga mipigo 262 ya kufika kituo salama, akavunja rekodi ya George Sisler ya 257 iliyodumu tangu 1920. Alipita mipigo 200 kila msimu kwa miaka 10 mfululizo. Halafu, kama kawaida ya miguu ya binadamu, ikaanza kupungua. Mwaka 2012 akahamia New York, baadaye Miami, na mwaka 2018 akarudi Seattle akiwa na miaka 44.

Hapo ndipo mumeo anaposema alikosea. Tuutazame huo mwaka 2018 kwa karibu. Alisimama kupiga mara 44 zinazohesabiwa, akafanikiwa 9. Mwanzoni mwa Mei klabu ikamwondoa kwenye orodha ya wachezaji na kumpa cheo cha msaidizi wa mwenyekiti. Mtu mwingine angepokea cheo, akaweka miguu juu ya meza. Yeye aliendelea kuvaa jezi kila siku na kufanya mazoezi yote na timu, kupiga, kukimbia, kurusha, halafu mechi ikitaka kuanza anatoka, kwa sababu sheria hazikumruhusu kukaa benchi wakati wa mchezo. (Siku moja New York alijibandika masharubu ya bandia, akavaa miwani na kofia ya sweta, akajipenyeza benchi kuangalia ngwe ya kwanza, yaani kipindi cha kwanza kati ya tisa vya mchezo. Hayo yalionekana kwenye televisheni, sijayatunga.) Aliishi hivyo mpaka Machi 2019, timu ilipokwenda kufungua msimu Tokyo kwa michezo miwili dhidi ya Oakland. Akapangwa yote miwili. Hakupata mpigo hata mmoja. Mchezo wa pili, ngwe ya nane, akatoka kulinda upande wake wa kulia, kisha akaitwa arudi, na wenzake wakamkumbatia mmoja mmoja. Mrushaji Yusei Kikuchi, Mjapani mwenzake aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza ligi ya Marekani, alilia waziwazi. Usiku ule Ichiro alizungumza na waandishi kwa zaidi ya saa nzima, mpaka ikapita saa sita. Akawaambia kwamba rekodi zitavunjwa na wengine, lakini ile miezi tangu Mei, ya kufanya mazoezi bila kucheza, ndiyo anayoweza kujivunia kidogo.

Niliposikia hilo nikakumbuka fagio langu juu ya ngazi.

Mama, sisi watu wa soka tumezoea kusema mchezaji ametundika daluga, na tukisema hivyo tunawaza mechi, kelele, magoli. Tunadhani anaacha mechi. Kwenye besiboli mimi naona sivyo. Msimu una michezo 162, karibu kila siku, Machi mpaka Septemba, na mchezo wenyewe hubeba mtu: watu wanashangilia, mshahara unaingia, mwili ukiwa na moto hausikii maumivu. Nyota mzee haachi hiyo. Anachoacha ni miezi ya baridi, ile kuanzia Novemba mpaka katikati ya Februari, hakuna watu, kuna chumba cha mazoezi, barafu kwenye bega, na saa kumi na moja alfajiri. Swali analojiuliza kila mwaka ni moja: nina nguvu ya kupita baridi nyingine? Ichiro aliipenda ile baridi. Ndiyo maana sikubali kwamba aling'ang'ania. Alikuwa bado anafanya kazi aipendayo, na siku klabu ilipomwambia nafasi ya kucheza imekwisha hakununa wala hakuhama kutafuta timu ya kumbembeleza.

Sasa mtazame huyo wa mwanao. Kershaw aliichezea timu moja tu, Dodgers, tangu 2008 mpaka 2025. Tuzo tatu za mrushaji bora wa ligi. Julai 2, 2025 alimtoa mpigaji wake wa 3,000 kwa kuhesabiwa makosa matatu, jambo waliloliweza warushaji wachache sana tangu mchezo huu uanze. Lakini hesabu baridi zake. Novemba 2023 alipasuliwa bega. Novemba 2024 akapasuliwa goti, na dole la mguu nalo likapasuliwa. Miaka ya karibuni alikuwa anasaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, yaani kila baridi anakaa na mkewe, wanaangalia watoto wanne, wanapima. Mwezi wa tisa alipotangaza akasema na wa tano yuko njiani. Kijana wako anaona ushindi 11 na kushindwa 2. Mimi naona mtu ambaye kila ushindi aliulipia kwenye meza ya daktari. Sijakaa naye nikamsikia akisema hivyo, ni mawazo yangu, lakini ukizipanga hizo tarehe mbele yako utaniunga mkono.

Na aliondoka vizuri. Mkumbushe kijana mchezo wa tatu wa fainali, Oktoba 27, 2025, ule uliokwenda ngwe 18. Ngwe ya 12 Toronto wamejaza vituo vyote vitatu, wamebakiza mtu mmoja kutoka, Dodgers wakamwita yeye kutoka kwenye uzio wa warushaji wa akiba. Mrushaji ambaye karibu maisha yake yote anaanza mechi, leo anaitwa usiku kumtoa mtu mmoja. Akamtoa, mpira ukabingirika chini, akashuka kilimani anapiga ngumi hewani. Hakuwa tena nyota wa timu, na alikubali. Siku chache baadaye wakachukua ubingwa.

Kuna jambo linaloniudhi kwenye ubishi wa namna hii, na nitalisema wazi. Ni hayo maneno ya "anaharibu jina lake." Watu huyasema juu ya kila mchezaji mzee. Mfano wanaoutoa daima ni Willie Mays, ambaye wengi tunamhesabu mchezaji kamili kuliko wote waliowahi kushika gongo. Fainali za 1973, Mays ana miaka 42, yuko New York Mets, anateleza na kuanguka uwanjani Oakland akifuata mpira kwenye jua kali. Picha hiyo inaonyeshwa mpaka leo kama onyo: ona, alikaa mno. Wasichokisema ni kwamba kwenye mchezo ule ule, ngwe ya 12, matokeo yakiwa 6 kwa 6, aliyepiga mpigo wa kuiweka Mets mbele alikuwa mzee huyo huyo. Wakashinda 10 kwa 7. Aliyeanguka ndiye aliyeshindisha. Sasa niambie ni jina gani liliharibika. Na Ichiro wenu, aliyepiga 9 kati ya 44, alipopigiwa kura ya Jumba la Magwiji la Cooperstown alipata kura 393 kati ya 394, akaingizwa rasmi Julai 2025. Sikusikia hata mmoja kwenye sherehe ile akizungumzia 9 kati ya 44.

Jina haliharibiki kwa kushuka. Kinachoumiza ni kushuka bila mtu kukwambia usoni. Nilikuwa Seattle mwaka 2010 alipotuacha Ken Griffey Jr., nyota wa Mariners ambaye kwa mji ule alikuwa mwana wa nyumbani hasa. Miaka 40, gongo limepoa, nafasi yake ya kucheza inapungua wiki hadi wiki. Tarehe 2 Juni, siku ya mechi, aliwasha gari akaanza safari ya kurudi kwake Florida, akatoa taarifa kwa simu akiwa njiani. Hakukuwa na kuaga. Usiku ule nilifagia uwanja ambao watu walikuwa wamekaa kimya. Sitaki kumlaumu yeyote, ila tangu siku hiyo naamini kocha ana deni la kumwita mzee pembeni na kumwambia ukweli mapema, wao wawili, mlango umefungwa.

Unauliza mtu anajuaje kwamba imetosha. Nitakwambia nilivyojua mimi, na mimi sikuwa nyota wa kitu. Kufagia viti kuna siri moja: chini ya kila kiti kuna kona ambayo fagio haifiki, lazima uiname uchomoe maganda kwa mkono. Msimamizi haioni. Shabiki haioni. Kwa miaka tisa niliinama kila kiti. Mwaka wa kumi mgongo ukaanza kunibishia, nikawa nainama hiki, naruka kile. Mwaka wa kumi na moja, usiku mmoja wa Agosti, nilifika chini ya ngazi nikagundua nimeshuka safu nzima bila kuinama hata mara moja. Hakuna aliyenisema. Nilikaa kwenye kiti cha mwisho nikajua. Nikamaliza mwezi, nikaaga.

Kwa hiyo mwambie mumeo na kijana wote wawili waliacha kwa wakati, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na saa yake. Wa Los Angeles aliona hawezi tena kuinama kila kiti, akaacha huku watazamaji wakiona uwanja ni safi. Wa Seattle alikuwa bado anainama kila kiti ila ameishiwa uwanja wa kufagia.

Na kijana asibandue zile picha. Kama anataka jambo la kufanya, mwezi wa pili timu zikianza mazoezi Arizona, atafute video za warushaji wazee wakirusha bila watu. Aangalie nyuso.

*

Mjomba, habari za kazi. Naomba kujua: nyota mwenye mkataba mrefu akistaafu kabla haujaisha, analipwa zilizobaki? Maana hapa mtaani tunasema wanang'ang'ania kwa sababu ya hela.
Kijana wa Buguruni, Dar es Salaam

Nzuri, mwanangu. Mikataba ya ligi kuu ya Marekani ni ya uhakika: klabu ikikuacha, inakulipa mpaka senti ya mwisho. Albert Pujols alisaini na Angels miaka 10 kwa dola milioni 240. Mei 2021 wakamwacha, mwaka wa mwisho, na hela zake akalipwa. Lakini ukistaafu mwenyewe kwa hiari, zilizobaki unazisamehe. Kwa hiyo ndiyo, wapo wanaokaa wakisubiri kuachwa, na siwezi kuwalaumu sana, kila mtu ana ukoo wake.

Ila usiseme wote. Soma habari za Gil Meche wa Kansas City Royals. Mkataba wa dola milioni 55 kwa miaka mitano, bega likaharibika, umebaki mwaka mmoja wenye dola milioni 12 hivi. Alichotakiwa ni kufika kambini tu, akae kwenye orodha ya majeruhi, hela ziingie. Januari 2011 akastaafu, akaziacha. Alieleza kwamba alijisikia vibaya kulipwa hela asizozifanyia kazi. Alikuwa na miaka 32.

Na huyo Pujols unayedhani alifuata hela: mwaka 2022, miaka 42, alirudi St. Louis alikoanzia, kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 2.5, fedha ndogo sana kwa mtu wa daraja lake. Alitangaza mapema kwamba ni msimu wa mwisho. Nusu ya kwanza alipiga homurani 6, yaani kuupiga mpira ukavuka uzio, na watu wakaanza kunong'ona. Nusu ya pili akapiga 18. Akamaliza na 703, wa nne tangu mchezo uanze kupita 700.

*

Shikamoo Mjomba. Ni nani mzee kuliko wote kushinda mechi ligi kuu? Na je, ni kweli warushaji hudumu kuliko wapigaji?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dar es Salaam

Marahaba. Mzee huyo ni mrushaji Jamie Moyer, na namfahamu vizuri kwa sababu miaka yake mizuri aliitumia Seattle. Alishinda michezo 21 mwaka 2003 akiwa na miaka 40. Aprili 2012, akiwa na Colorado Rockies, alishinda dhidi ya San Diego akiwa na miaka 49, baada ya kukosa msimu mzima wa 2011 kwa upasuaji wa kiwiko.

Swali la pili linajibiwa na yeye huyo huyo. Mpigaji ana mita 18 na kitu za kuuona mpira, na mpira wa kasi humfikia chini ya nusu sekunde. Jicho na kiuno vikichelewa kidogo tu, kwisha, hana pa kujificha. Mrushaji mwenye akili anaweza kujificha. Mpira wa Moyer siku ile haukufika hata kilomita 130 kwa saa, wakati vijana wanapita 150 bila kutoa jasho. Aliuweka pembeni, akaupunguza mwendo, akaupunguza tena, wapigaji wakawa wanageuza gongo kabla mpira haujafika. Kabla msimu haujafika katikati Rockies walimwacha, na hakurudi tena ligi kuu.

Kuna jambo jingine juu yake ambalo naomba limfikie pia yule kijana wa Kent. Moyer ni shoto. Alicheza mechi yake ya kwanza ligi kuu Juni 1986, na Chicago Cubs, akiwa na miaka 23. Mrushaji wa upande wa pili siku hiyo alikuwa Steve Carlton wa Philadelphia, shoto pia, miaka 41, shujaa wake tangu utotoni. Moyer akashinda. Siku chache baadaye Philadelphia wakamwacha Carlton. Mzee akatafuta timu nyingine, akaendelea kurusha mpaka 1988.